Kuku 12 kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100: shajara ya mradi, Arua

3 Machi. Kazi yenyewe

Mradi una mambo mawili yanayokwenda sambamba: rasimu ya sheria ndogo ya kufuga kuku uani kwa seli moja (mtaa mmoja) ya Jiji la Arua, Uganda, na banda la mfano la kuku 12 kwenye kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Utaratibu ni kwamba kifungu hakiandikwi mpaka kimejaribiwa bandani. Kisichopimika kwa tepu ya fundi, ndoo, saa au kiganja cha mkono hakiingii kwenye rasimu.

Rasimu zilizokuwa zikizunguka mtaani zilianza na idadi: "kuku wasizidi 10". Idadi ni rahisi kuandika, lakini haimsaidii jirani. Kuku 6 kwenye banda linalovuja hunuka hadi nyumba ya tatu, na kuku 20 waliolala juu ya matandazo makavu jirani anaweza asijue kama wapo. Anayelalamika halalamikii hesabu. Analalamikia harufu, inzi, kelele za alfajiri na mchicha uliochakurwa. Hayo 4 ndiyo tunayoyatafutia vipimo.

10 Machi. Sheria zilizo juu yetu

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaruhusu hata baraza la ngazi ya chini kabisa kutunga sheria ndogo, mradi isipingane na Katiba, sheria ya Bunge, ordinansi (sheria ya baraza la wilaya au jiji), au sheria ndogo ya baraza lililo juu yake. Wengi husahau kwamba baraza la LC1, yaani la kijiji au seli, si ile kamati ya watu 10. Baraza ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na kamati ni watendaji wake tu. Rasimu ikipitishwa na mwenyekiti na kamati yake pekee, mtu wa kwanza kushitakiwa ataiangusha.

Adhabu nayo ina kikomo: pointi 2 za sarafu, ambazo ni shilingi 40,000, au kifungo kisichozidi miezi 2. Rasimu moja ya zamani ilikuwa na faini ya 200,000. Tumeifuta. Faini iliyopita kikomo cha sheria ni sawa na kutoandika faini.

Hata bila sheria ndogo, mfugaji hayuko huru kufanya atakavyo. Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza mwaka 1935, inalihesabu kuwa kero jengo la kufugia wanyama au ndege lililojengwa au kutunzwa kwa namna ya kuudhi au kuhatarisha afya, na mamlaka ina uwezo wa kumpa mwenyewe notisi ya kuiondoa kero hiyo kwa muda maalumu. Tatizo ni neno "kuudhi". Kila mtu na pua yake. Kazi ya sheria ndogo ni kusema mapema kero inaanzia wapi, ili ofisa wa afya na mfugaji wakisimama mbele ya banda wawe na kipimo kimoja.

Wapo waliotuletea kanuni za Kampala. Ni kweli, halmashauri ya Kampala ilipitisha mwaka 2006 ordinansi 5: kilimo cha mjini, mifugo na wanyama wa nyumbani, nyama, maziwa na samaki, na ufugaji ukawekewa kibali. Ni kazi nzuri ya kujifunzia, lakini haina nguvu nje ya Kampala. Arua ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na ordinansi yake ni ya baraza lake lenyewe.

Jambo la mwisho ni ujenzi. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mpango, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ikafuata. Banda la matofali na sakafu ya saruji ni jengo, kwa hiyo ukitaka hilo, pita kwanza ofisi ya mipango miji. Banda la mfano tumelifanya la mbao na waya, linalofunguka kwa bisibisi na spana. Mpangaji wa muzigo (chumba cha kupanga) anahitaji pia ruhusa ya mwenye nyumba, na iwe kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo hufa siku nyumba inapobadilisha mwenyewe.

18 Machi. Umbali

Hapa ndipo rasimu nyingi huharibikia, kwa sababu mtu huandika namba bila kuipeleka kiwanjani. Pendekezo la awali lilikuwa mita 10 kutoka kila mpaka. Kiwanja kina upana wa mita 15. Toa 10 upande huu na 10 upande ule, hakuna kinachobaki: umepiga marufuku kuku mtaa mzima bila kusema hivyo.

Kwa mita 3 kila upande, unabaki na ukanda wa mita 9. Humo ndani panatakiwa nyumba, choo, jiko, kamba ya nguo na banda. Panatosha. Kwa hiyo: mita 3 kutoka mpaka, na mita 6 kutoka dirisha au mlango wa jiko la jirani. Kipimo cha pili ndicho chenye maana zaidi, maana harufu haijui mpaka, ila inajua dirisha. Kutoka kisima au chemchemi tumeweka mita 30, na banda liwe upande wa chini wa mteremko.

Hairuhusiwi banda kwenye hifadhi ya barabara wala juu ya mtaro wa maji ya mvua. Kinyesi kikiingia mtaroni, mvua ya kwanza inakipeleka kwa watu ambao hata hawajui kama unafuga.

29 Machi. Banda

Vipimo vilivyojengwa: urefu mita 2.4, upana 1.2, yaani mita za mraba 2.88 kwa kuku 12, kama kuku 4 kwa kila mita ya mraba. Kuku wa mayai wanaweza kukaa 5 au 6 kwa mita, lakini mjini tumepunguza makusudi. Kila kuku anayeongezwa anaongeza unyevu, na unyevu ndio mama wa malalamiko. Mbele kuna ua wa waya wa mita 2.4 kwa 3.

Sakafu ni maramu iliyoshindiliwa, ikainuliwa sentimita 20 juu ya ardhi ili maji ya uani yasiingie. Ukuta wa chini ni mbao hadi sentimita 60. Juu ya hapo, pande zote mbili ndefu, ni waya wa kahawa, ule wa matundu madogo unaoanikiwa kahawa. Waya wa kuku wenye matundu makubwa unamzuia kuku kutoka, haumzuii panya wala nyoka kuingia. Waya uendelee chini ya ardhi sentimita 30 kuzunguka ua mzima, kwa sababu nguchiro huchimba pale pale ukuta unapogusa udongo, hajui kurudi nyuma hatua mbili.

Kitulio, pa kulalia kuku usiku, ni mti mmoja wa mita 2.4, kingo zake zimelainishwa kwa randa. Kila kuku anahitaji sentimita 20, na 12 wanaenea sawasawa. Chini ya kitulio kuna ubao wa kinyesi wenye upana wa sentimita 50. Huu ndio uti wa mgongo wa banda la mjini: kuku hunya sana usiku, na kinyesi cha usiku kikianguka ubaoni hakigusi matandazo kabisa. Viota 3, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kina cha 35.

Matandazo ni maranda ya fundi seremala, unene wa sentimita 10. Magunia 3 yalitosha na kidogo kilibaki. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa hayafai. Muulize fundi kabla ya kubeba.

21 Aprili. Harufu

Mvua zimeshika, na banda limenuka siku ya 9. Sababu zilikuwa 3, na tunaziandika zote kwa sababu banda lolote la uani litazipitia.

Ya kwanza ni paa. Bati lilitokeza sentimita 15 tu nje ya ukuta. Mvua ya Arua haishuki wima, upepo huisukuma, na sehemu ya waya ikaruhusu maji kuingia hadi theluthi ya sakafu. Bati limesogezwa hadi kutokeza sentimita 60 mbele na 30 nyuma. Mabati 4 ya futi 10 yaliyokatwa yalitosha bila kununua jingine.

Ya pili ni chombo cha maji. Kuku 12 hunywa kama lita 3 kwa siku, zaidi jua likiwa kali, lakini kilichomwagika kilikuwa kingi pia, kwa sababu chombo kilikaa chini na kuku waliingiza miguu na maranda. Sasa kingo za chombo ziko usawa wa mgongo wa kuku, na kimekaa juu ya kisanduku cha sentimita 60 kwa 60 kilichofunikwa waya, ndani yake kokoto. Kinachomwagika kinapita kwenye waya, hakirudi kwenye matandazo.

Ya tatu ilikuwa nia njema. Usiku wa baridi turubai lilishushwa pande zote. Pumzi ya kuku na unyevu wa kinyesi vikakosa pa kutokea, na asubuhi mbao kwa ndani zilikuwa zimelowa kama mfuniko wa sufuria. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili haogopi baridi ya usiku wa hapa. Anaogopa mvua na upepo unaompiga moja kwa moja. Turubai lishuke upande mmoja tu, ule unaokuja mvua, na juu yake pabaki wazi sentimita 30.

Kisha likafanyika kosa ambalo karibu kila mfugaji hulifanya: majivu na chokaa vilimwagwa juu ya matandazo mabichi ili kuua harufu. Ndani ya nusu saa harufu ikawa kali mara mbili. Si bahati mbaya. Amonia, gesi yenye harufu ile kali, hufungwa kwenye matandazo wakati yana uchachu kidogo. Majivu na chokaa vinauondoa uchachu ule, na gesi yote inatoka kwa mkupuo. Chokaa ni ya sakafu tupu iliyokwisha safishwa, si ya matandazo yenye maji. Dawa ya matandazo mabichi ni koleo: toa yaliyoganda, geuza yaliyobaki, ongeza makavu.

Kipimo kilichoingia kwenye rasimu ni cha mkono. Chukua konzi ya matandazo kutoka katikati ya banda, ikamue kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Ikibaki donge kama tonge la posho (ugali), ni mbichi mno, na mfugaji ana siku 3 za kurekebisha. Ikifunguka polepole na kuvunjika vipande, iko sawa. Ikitawanyika kama unga na kutimua vumbi, ni kavu mno, kuku watakohoa. Cha pili ni cha pua, lakini si ya mtu aliyesimama. Chuchumaa hadi kimo cha kuku kwa dakika 1. Macho yakianza kuwasha, kuku wako wanaishi humo saa 24.

12 Mei. Inzi na samadi

Kwa joto la hapa yai la inzi huwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukikwangua ubao wa kinyesi mara moja kwa wiki, unakimbizana naye na kuna wiki utashindwa. Ukikwangua mara 2 kwa wiki funza hafiki mbali. Kwa hiyo kifungu kinasema Jumatano na Jumamosi, siku zikiwa zimetajwa kwa majina, maana "mara kwa mara" haikaguliki.

Kuku 12 hutoa kama kilo 10 za kinyesi kibichi kwa wiki. Kikirundikwa peke yake kinaoza kwa maji na kunuka. Changanya ndoo 1 ya kinyesi na ndoo 2 hadi 3 za maranda, majani makavu au maganda ya mpunga, kisha funika juu kwa sentimita 10 za kitu kikavu.

Rundo la kwanza lilikuwa la nusu mita kila upande, nalo halikupata joto. Rundo dogo hupoteza joto kuliko linavyolitengeneza, mbegu za magugu hubaki hai na inzi hutaga pembeni. Linahitajika rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1. Kuku 12 wa nyumba moja hawalijazi haraka, kwa hiyo rasimu inaruhusu nyumba hadi 4 kushirikiana sanduku moja la mbao lenye vyumba 2: kimoja kinajazwa, kingine kinaiva. Kupima joto, chomeka nondo hadi katikati, subiri dakika 10, ichomoe na ushike ncha. Ikiwa huwezi kuendelea kuishika, rundo linafanya kazi. Ukiishika bila shida, geuza na uongeze maji kidogo au kinyesi. Baada ya wiki 6 hadi 8 samadi haina harufu ya kuku tena, na wenye bustani ya sukuma na dodo (mchicha) wanaifuata wenyewe.

9 Juni. Jogoo

Hiki ndicho kifungu kilichozua maneno mengi kuliko vyote. Jogoo si kelele tu: ndiye anayechinjiwa mgeni, ndiye wa mahari, na kwa wazee wengi ndiye saa. Tunaliheshimu hilo. Lakini nyumba za hapa dirisha linatazamana na dirisha, na mama mwenye mtoto mchanga hana pa kuhamia.

Tulijaribu boksi la usiku la mbao, lenye giza na dari ya sentimita 45 ili asinyooshe shingo, na matundu ya hewa upande wa chini. Sauti ilipungua, haikukoma. Aliwika kabla ya adhana ya alfajiri akiwa ndani kama alivyowika akiwa nje. Jogoo hangoji mwanga: saa iko mwilini mwake, na humwamsha hata gizani. Kwa hiyo giza si dawa.

Rasimu sasa inasema: kwenye viwanja vya futi 50 kwa 100 na vidogo zaidi, hakuna jogoo aliyezidi wiki 16, ila yule anayengoja kuchinjwa au kupelekwa, kwa muda usiozidi siku 3. Tetea hutaga bila jogoo, mayai tu hayataanguliwa. Anayetaka vifaranga anunue mayai yenye mbegu kutoka vijijini na kumlalishia kuku anayeatamia.

Kuku wa kuzurura: ua wa waya ni lazima. Mwenye bustani aliyeharibiwa anaripoti kwa katibu wa LC1 siku ile ile, kuku akiwa bado yumo shambani au picha ikiwepo. Kumuua kuku wa mwenzako kwa jiwe hakuruhusiwi, hata akiwa juu ya kitalu cha nyanya.

7 Julai. Chanjo na magonjwa

Kideri (ugonjwa wa Newcastle) kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu kuku wote. Chanjo ya I-2 huvumilia joto kuliko nyingine nyingi na hutolewa tone 1 kwenye jicho 1, kisha hurudiwa kila miezi 3. Kinachoangusha wafugaji wa uani si bei. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku 12, na kikishachanganywa hakilali. Ndiyo maana rasimu inaweka siku moja ya chanjo kwa seli nzima kila miezi 3. Kichupa kinaisha, na hakuna banda linalobaki kuwa mlango wa ugonjwa kwa wengine.

Wanaotumia LaSota, chanjo nyingine ya kideri, ya kunywa wajihadhari na maji ya bomba. Yana klorini, na klorini inaua virusi vya chanjo kabla havijafika kooni. Tumia maji safi ya mvua au ya kisima kirefu cha kuchimbwa, weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, wanyime kuku maji saa 1 hadi 2 kabla, na hakikisha chanjo imekwisha ndani ya saa 2. Chombo kisioshwe kwa sabuni siku hiyo.

Vifo: kuku 2 wakifa ndani ya saa 24, simamisha kuuza, kuhamisha na kuchinja, piga simu kwa ofisa wa mifugo. Mzoga uzikwe kina cha mita 1, mbali na maji. Wanaodhani mafua ya ndege ni habari za mbali wakumbuke Januari 2017: virusi vya H5N8 vilithibitishwa hapa Uganda, kwanza kwenye ndege wa porini ziwani Victoria karibu na Entebbe, na pia kwenye ndege wa kufugwa Masaka. Kenya ilifunga mpaka kwa kuku wa Uganda mwezi ule ule.

Chakula: kuku 12 hula kilo 10 hivi kwa wiki, hivyo mfuko wa kilo 70 unachukua wiki 7. Wakati wa mvua, huo ni muda mrefu mno, unga unashika ukungu. Nunua nusu yake, weka kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na usiku toa kilichobaki bandani. Panya wakikosa chakula hupungua wenyewe.

4 Agosti. Kikao cha wakazi

Rasimu imesomwa mbele ya wakazi, kifungu kwa kifungu, banda likiwa wazi kwa yeyote aliyetaka kukamua matandazo mwenyewe. Waliokamua walikuwa wengi. Mita 3 na mita 6 zimekubaliwa bila kubadilishwa. Siku za kukwangua zimehamia Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwa sababu Jumamosi wengi wako sokoni. Kifungu cha jogoo kimepita baada ya siku 3 kuongezwa kuwa 5.

Swali moja limebaki mezani. Mama mmoja wa upande wa chini alisimama: "Mzee mwenyekiti, mmesema kuku, kuku. Na sisi wenye bata?" Kipimo cha kiganja hakifai kwa bata, kwa kuwa bata huchezea maji na kinyesi chake ni majimaji. Kuanzia leo bata 4 wako kwenye kizimba pembeni, beseni la lita 10 limewekwa juu ya shimo la kokoto lenye kina cha sentimita 50, na tunaandika kila jioni lita zilizoongezwa na umbali ambao ardhi imelowa kutoka kwenye ukingo wa shimo.